Kipimo cha Jeraha: Jinsi Dawa za Saratani Zilivyopimwa Tangu Mwaka wa 1916

Mgonjwa wa saratani anapoandikiwa dawa za sumu, aghalabu hupimwa kwanza urefu wake na uzito wake. Kutokana na tarakimu mbili hizo hupatikana eneo la ngozi yake kwa mita za mraba, na kwa kila mita hutolewa kadiri fulani ya dawa. Walakini dawa hiyo haina kazi yo yote juu ya ngozi. Kazi yake ni kuingia ndani ya chembe hai, hata ndani ya kiini cha chembe, na kuujeruhi uzi wa vinasaba uitwao DNA, ili chembe ishindwe kugawanyika na ife. Basi kipimo kiko nje na jeraha liko ndani. Jina la ugonjwa nalo latokana na sura ya nje: saratani kwa Kiarabu ni kaa, kama vile Wayunani wa kale walivyouita ugonjwa huo kwa jina la mnyama yule yule. Historia inayofuata ni ya watu waliotaka kukisogeza kipimo mpaka mahali pa jeraha.

Kanuni ya eneo la ngozi haikubuniwa kwa ajili ya dawa. Katika mwaka wa 1916, mjini New York, Delafield Du Bois na Eugene Du Bois walikuwa wakichunguza joto linalotoka katika mwili wa mwanadamu, na kwa kazi hiyo walihitaji kujua ngozi ya mtu ina ukubwa gani. Waliwafunika watu kwa karatasi, wakazibandua na kuzipima, kisha wakatunga hesabu ambayo kwayo urefu na uzito peke yake vyatosha kutoa jibu. Watu waliopimwa walikuwa tisa. Miaka arobaini na miwili baadaye, yaani 1958, Donald Pinkel wa Buffalo alilinganisha dozi za dawa chache za saratani zilizokuwa zikitolewa kwa wanyama wa maabara, kwa watoto na kwa watu wazima, akaona kwamba zikihesabiwa kwa eneo la mwili hukaribiana zaidi kuliko zikihesabiwa kwa uzito. Lilikuwa jambo la maana kwa tabibu aliyetaka kumpa mtoto dawa iliyojaribiwa kwa mkubwa bila ya kumwua. Lakini kanuni hiyo hujibu swali moja tu: mwili huu waweza kuvumilia sumu kiasi gani? Swali la pili, kama uvimbe uliomo katika mwili huo utajeruhiwa au hautajeruhiwa, haikuulizwa wala haikulijibu. Watu wawili wa kimo kimoja na uzito mmoja hupewa dozi moja. Mmoja hupona, na mwenzake hutapika, hunyonyoka nywele, huharibikiwa uboho wa mifupa, na uvimbe wake huendelea kukua kana kwamba hakupewa kitu.

Dawa za kwanza za namna hii zilitoka vitani. Usiku wa tarehe 12 Julai 1917, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, majeshi ya Ujerumani yalirusha makombora ya gesi ya haradali, iliyoitwa hivyo kwa ajili ya harufu yake, ijapokuwa haina udugu wo wote na mmea wa haradali. Gesi hiyo ilichoma ngozi, macho na mapafu. Mwaka wa 1919 Edward na Helen Krumbhaar waliandika kwamba walioumizwa vibaya walipungukiwa sana na chembe nyeupe za damu. Habari hiyo ilikaa katika majarida zaidi ya miaka ishirini. Vita vya pili vilipokuja, Louis Goodman na Alfred Gilman wa Chuo Kikuu cha Yale walipewa kazi ya siri ya kuchunguza ndugu wa gesi hiyo, haradali ya naitrojeni, wakafikiri hivi: ikiwa sumu hii huziua chembe nyeupe, huenda ikauua pia uvimbe uliotokana na chembe za jamii hiyo. Wakajaribu kwa panya, na katika mwaka wa 1942 wakajaribu kwa mgonjwa mmoja ambaye uvimbe ulikuwa umemjaa shingoni na kifuani, na ambaye tiba ya mionzi ilikuwa haimfai tena. Uvimbe ulinywea katika siku chache. Kisha ukarudi. Dawa iliporudiwa haikufaa kama mara ya kwanza, na mgonjwa akafa kabla ya mwaka kwisha. Kwa sababu ya siri za vita habari zake hazikuchapishwa mpaka 1946.

Wako wasimulizi wasemao kwamba tiba hii ilizaliwa katika bandari ya Bari, kusini mwa Italia. Kauli hiyo yafaa kusahihishwa. Ni kweli kwamba tarehe 2 Desemba 1943 ndege za Ujerumani ziliishambulia bandari hiyo, na kwamba meli ya Kimarekani iitwayo John Harvey, iliyobeba kwa siri mabomu yapata 2,000 ya gesi ya haradali, ilizama pamoja na shehena yake. Askari na mabaharia zaidi ya 600 walilazwa kwa athari za gesi hiyo, na katika hao 83 walikufa. Wenyeji wa mji waliokufa hawakuhesabiwa sawasawa. Daktari wa jeshi Stewart Alexander aliona mara nyingine upungufu ule wa chembe nyeupe, akaandika taarifa. Lakini mgonjwa wa Yale alikuwa amekwisha zikwa mwaka mzima kabla ya siku hiyo. Bari ilitoa ushahidi zaidi; mwanzo ulikuwa kwingine.

Jambo lisilosimuliwa mara nyingi, na ambalo kwa historia hii lina uzito kuliko Bari, lilitendeka Edinburgh. Huko Charlotte Auerbach, mwanamke aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, pamoja na J. M. Robson, waliwatia nzi wa matunda katika gesi ya haradali kati ya mwaka wa 1940 na 1941, wakaona vizazi vya nzi hao vina kasoro za kurithi. Nao pia walizuiwa kutangaza matokeo hayo yote mpaka vita vilipokwisha. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba sumu hii haichomi tu, bali hugusa kile ambacho kwacho mzazi humrithisha mtoto. Kitu hicho kilikuwa bado hakijajulikana umbo lake. Mwaka wa 1953 James Watson na Francis Crick walieleza kwamba DNA ni mithili ya kamba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili, na ili chembe igawanyike sharti nyuzi hizo zifumuliwe. Mnamo 1960, mjini London, Peter Brookes na Philip Lawley walitumia haradali iliyotiwa alama ya mnururisho, wakaonyesha ni wapi sumu hushika: katika kiungo kimoja cha uzi kiitwacho guanini. Haradali ina mikono miwili. Mkono mmoja ukishika guanini ya uzi huu, na wa pili ukashika guanini ya uzi wa pili, kamba imepigwa fundo, na kamba yenye fundo kati ya nyuzi zake haifumuliki. Hilo ndilo jeraha lenyewe. Kwa hiyo tokea mwaka huo ilijulikana, angalau kwa nadharia, kitu gani kingepasa kuhesabiwa. Haikujulikana namna ya kukihesabu ndani ya mtu aliye hai.

Katika miaka hiyo hiyo Afrika ya Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wake yenyewe. Denis Burkitt, tabibu mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza mwaka wa 1958 aina ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Katika miaka ya 1960 yeye, na Peter Clifford wa Nairobi, waliwapa watoto hao dawa mbalimbali, mojawapo ikiwa siklofosfamidi, dawa iliyo mjukuu wa haradali. Taya zilizovimba hata jicho likafunikwa zilirudi katika hali yake kwa siku chache. Baadhi ya watoto walipona kabisa baada ya dozi moja au mbili, jambo ambalo wataalamu wa Ulaya na Marekani walikuwa hawajazoea kulisikia kwa saratani yo yote. Mwaka wa 1967 ilifunguliwa Mulago nyumba ya tiba ya uvimbe huo, ikiongozwa na John Ziegler, ambayo ndiyo asili ya Taasisi ya Saratani ya Uganda. Baada yake aliiongoza Charles Olweny, mwananchi wa Uganda. Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker mwaka wa 1972. Sifa hizo walizistahili. Lakini katika wodi ile ile, kwa ugonjwa ule ule na dawa ile ile, wako watoto ambao uvimbe wao ulirudi, na hapakuwa na kipimo cho chote cha kumwambia muuguzi mapema ni kitanda kipi.

Dawa ya pili kubwa ilipatikana kwa kubahatisha. Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan alikuwa mtaalamu wa fizikia. Alipotazama picha za chembe zikigawanyika alikumbuka unga wa chuma unavyojipanga mbele ya sumaku, akataka kujua kama umeme waweza kuzuia mgawanyiko. Alipitisha umeme katika maji yenye bakteria kwa vijiti vya platini, madini yaliyodhaniwa hayashiriki katika jambo lo lote. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi, hata mara 300 ya urefu wao. Iligunduliwa kwamba umeme haukuwa na hatia wala sifa: platini kidogo ilikuwa imeyeyuka na kuungana na chumvi za maji yale. Habari hizo zilitoka mwaka wa 1965. Mchanganyiko uliotenda kazi, uliokuwa umetengenezwa na Michele Peyrone katika karne ya 19 bila ya yeye kujua manufaa yake, ukaitwa sisplatini. Tangu 1974 Lawrence Einhorn wa Indiana aliuchanganya na dawa nyingine kwa vijana wenye saratani ya korodani iliyoenea, nao ambao hapo kwanza wengi wao walikufa, sasa wengi wao wakapona. Marekani iliiruhusu dawa hiyo mwaka wa 1978. Madhara yake ni makali: figo, masikio, mishipa ya fahamu. Mdogo wake, kaboplatini, ni mpole zaidi kwa figo, na huyu ndiye wa kwanza kuondolewa katika utawala wa ngozi, kwani mwaka wa 1989 Hilary Calvert na wenzake walitoa kanuni ya kumpima kwa nguvu ya figo za mgonjwa katika kuchuja damu. Ilikuwa hatua ya busara. Lakini figo nazo si uvimbe.

Platini, kama haradali, hushika guanini, ila mara nyingi hufunga guanini mbili zilizo jirani katika uzi mmoja, na uzi ukapinda. Mafundo haya ya platini ndiyo jeraha la kwanza kuhesabiwa ndani ya wagonjwa. Katika miaka ya 1980, huko Bethesda, Miriam Poirier na Eddie Reed walitumia kingamwili zinazolitambua fundo la platini na kulishika, wakapima chembe nyeupe za damu za wagonjwa waliokuwa wakitibiwa saratani ya korodani na ya ovari. Waliona kwamba wale ambao mafundo yalirundikana kwa wingi katika damu yao ndio ambao mara nyingi zaidi uvimbe wao ulipungua. Ni vigumu kueleza matumaini yaliyoletwa na matokeo hayo. Tone la damu lilielekea kusema habari za uvimbe uliofichika tumboni. Lakini maabara nyingine hazikupata matokeo yenye kuafikiana, na shaka moja haikuondoka: damu si uvimbe. Jeraha likihesabiwa katika chembe isiyo mgonjwa, huenda likasema tu jinsi mwili wa mtu huyo unavyoichukua dawa, na lisiseme neno juu ya chembe za saratani zenyewe, ambazo zina tabia zao.

Njia ya pili ilitoka Sweden. Mwaka wa 1984 O. Östling na K. J. Johanson walizitia chembe katika utomvu mzito juu ya kioo, wakaziyeyusha ngozi zake, kisha wakapitisha umeme. DNA iliyo nzima hubaki pamoja kama mpira. Iliyokatika huvutwa na umeme, ikatokeza nyuma ya mpira kama moshi. Chini ya hadubini kila chembe huonekana kama nyota yenye mkia, na mkia ukiwa mrefu jeraha ni kubwa. N. P. Singh na wenzake waliitengeneza vizuri zaidi mwaka wa 1988. Uzuri wa njia hii ni kwamba ni rahisi, na kwamba kila chembe husemwa peke yake. Udhaifu wake ni kwamba huona mkato, na dawa kubwa za saratani hazikati bali hufunga. Ikabidi kutumia hila: chembe zilizokwisha kupata dawa hupigwa mionzi kwa kadiri inayojulikana ili uzi ukatike, kisha hutazamwa mkia umepungua kiasi gani, kwa kuwa uzi uliofungwa hautoki. Hapo mkia mfupi ndio dalili ya jeraha kubwa, na asomaye hana budi kukumbuka amepindua maana. Mwaka wa 1998 kikundi cha William Bonner, huko Bethesda pia, kilionyesha kwamba mahali uzi unapokatika pande zote mbili chembe yenyewe huweka alama katika protini zinazoukunja uzi, na alama hizo huweza kutiwa rangi na kuhesabiwa moja moja. Ni kama chembe inayopiga mbiu mahali pa msiba wake.

Lakini chembe haipigi mbiu tu, hutengeneza. Elimu ya jinsi DNA inavyojitengeneza iliwapatia Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2015, na wataalamu wengi wa tiba walikuwa wamekwisha fikiri kwamba, badala ya kulifuata jeraha, ni afadhali kumfuata fundi anayelitibu. Fundi mmoja anayeondoa mafundo ya platini ni protini iitwayo ERCC1. Mwaka wa 2006 wataalamu wa Ufaransa walichunguza vipande vya saratani ya mapafu kutoka kwa wagonjwa 761, wakatangaza kwamba wale ambao uvimbe wao haukuwa na fundi huyo walinufaika na sisplatini, na wenye naye hawakunufaika. Maneno yalikuwa wazi na ya kupendeza, na watu wakaanza kupanga tiba kwa kuyafuata. Mwaka wa 2013 watafiti wa chuo hicho hicho walirudia kipimo kwa kingamwili yenye jina lile lile, iliyotengenezwa upya, na matokeo hayakujirudia. Walipochunguza sababu walikuta kwamba ERCC1 ina sura nne, na ni moja tu kati ya hizo iwezayo kuondoa fundo. Kingamwili zilizokuwapo hazikuweza kuzitofautisha. Walikuwa wakimhesabu fundi pamoja na ndugu zake watatu wasiojua kazi. Kwa wanafunzi wa lugha hadithi hii ina ladha ya pekee, maana ni kosa la kuchukua jina moja kuwa kitu kimoja. Tena ni heshima kwa watafiti hao kwamba waliouvunja ukuta ni wale wale walioujenga.

Kwa fundi mwingine mambo yalikwenda vizuri zaidi. Katika saratani kali ya ubongo hutumika temozolomidi, na jeraha lake hurekebishwa na protini iitwayo MGMT. Mwaka wa 2005 Monika Hegi, Roger Stupp na wenzao walionyesha kwamba pale ambapo jeni ya MGMT imezimwa, wagonjwa waliopewa dawa pamoja na mionzi waliishi kwa wastani miezi 21.7, na waliopewa mionzi peke yake miezi 15.3, jeni isipozimwa, faida ya dawa ilikuwa ndogo. Kipimo hicho kimeingia hospitalini. Kadhalika vimeingia vipimo vya jeni za BRCA, hasa baada ya vikundi viwili vya Uingereza kuonyesha mwaka huo huo wa 2005 kwamba chembe zisizo na jeni hizo hufa zikizuiwa njia yao ya pili ya kujitengeneza. Dawa ya kwanza ya namna hiyo, olaparibu, iliruhusiwa mwaka wa 2014. Siku hizi husomwa pia makovu, yaani mapengo na viraka ambavyo matengenezo mabaya ya zamani yameviacha katika vinasaba vya uvimbe. Kovu lina kasoro inayojulikana na kila mzazi: husema mtoto aliwahi kuanguka, halisemi kama leo bado ataanguka. Uvimbe uliokwisha pata fundi mpya hubaki na makovu yake yale yale.

Ndiyo sababu wengine wamelirudia jeraha lenyewe. Katika maabara ya Livermore na Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis ilitumika mashine iliyobuniwa kwa kazi nyingine kabisa, ya kujua umri wa mifupa na makaa ya kale, ambayo huhesabu atomi za kaboni-14 moja moja badala ya kungoja zitoe mnururisho. Mgonjwa hupewa kaboplatini yenye alama ya kaboni-14, sehemu moja tu ya mia ya dozi ya kawaida, kiasi kisichoweza kumdhuru kama dozi kamili. Kisha hutolewa damu, na ikiwezekana kipande cha uvimbe, na atomi zilizoshikamana na DNA huhesabiwa kabla tiba yenyewe haijaanza. Alama hiyo imewekwa katika sehemu ya dawa ambayo huachwa dawa inaposhika mara ya pili, kwa hiyo kinachohesabiwa ni mshiko wa kwanza, kabla fundo halijakaza. Wagonjwa waliojaribiwa hivyo, wenye saratani ya kibofu na ya mapafu, ni wachache, na mashine za namna hiyo hazimo katika hospitali za kawaida, wala Marekani wala Dar es Salaam. Kaboplatini, inapotolewa kwa dozi kamili, huhesabiwa bado kwa kanuni ya 1989. Na kwa dawa nyingine nyingi muuguzi humsimamisha mgonjwa ukutani, akasoma urefu wake, kisha akamwomba apande juu ya mizani.